Runc mbili ndani ya mashine moja: kisa cha seva ya Kisumu

Nianze na chenye kilifanyika ndo tusipoteze mtu. Kijana wa atachimenti, mwaka wa tatu chuo, alisoma faili ya hosti (ile mashine yenyewe) akiwa ndani ya podi (kontena, chumba kilichotengwa cha kuendeshea programu) ambayo kwa makaratasi yote haikua na ruhusa ya kuona hosti hata kwa mbali. Hii ni Julai 2024, miezi mitano baada ya patchi ya kuziba bagi ya runc, programu ya kuanzisha kontena, kutoka, na kampuni ilikua inaapa kwamba ilishaweka hiyo patchi kitambo. Na walikua wanasema ukweli, waliweka. Hapo ndo kisa kinapendeza, juu kama wangekua hawajaweka ningeandika mistari miwili tu nikaenda zangu.

Kampuni siitaji. Ni watu wachache, Kisumu, ofisi ya ghorofa si mbali na Oginga Odinga Street, wanatengenezea sacco na kliniki ndogo mifumo ya hesabu na malipo. Zamani walikua wanakodisha seva za nje kwa dola, dola ikapanda, ikapanda tena, mwaka wa 2023 mdosi akachoka (na alikua na haki, kufika Januari 2024 dola ilikua inagonga shilingi 160), akanunua mashine moja kubwa akaiweka kwa kachumba kenye AC na inverta, maanake hapa mvua ya jioni ikipiga radi stima haikuagi. Ubuntu 22.04, Docker juu yake, mifumo ya wateja inakimbia hapo. Halafu Julai hiyo hiyo ya 2023 kuna jamaa alikua anafanya hapo, alishahamia Nairobi, akaweka k3s (Kubernetes ndogo, mfumo wa kusimamia makontena) kwa mashine hiyo hiyo ndo vijana wa atachimenti wapate mahali pa kujaribia vitu vyao, juu Kubernetes ndo kila tangazo la kazi linaitisha.

K3s ni tamu, siwezi danganya. Ni faili moja, unapiga ile komandi moja ya curl unavuta chai unarudi klasta (mfumo mzima wa Kubernetes) imesimama. Inakuja na vitu vyake vyote ndani, containerd yake, runc yake, hadi zana za mtandao. Hiyo ya "runc yake" iweke hapo kwa akili, tutairudia.

Kwa wenye hawajawahi kutana na runc: hiyo ndo programu ndogo yenye inafanya kazi chafu kabisa ya kuanzisha kontena. Docker na Kubernetes ni wasemaji wa mbele tu, chini yao kuna containerd, na chini ya containerd kuna runc. Ikiitwa inaamka na nguvu za ruti (msimamizi mkuu wa mashine), inatenga neimspesi (kuta za kontena), inapanga cgroup (mipaka ya memori na CPU), inabadilisha mzizi wa mfumo wa faili, inapunguza nguvu, inaanzisha programu ya mteja alafu inakufa. Haikai kwa memori kama huduma. Inazaliwa na kufa kila mara kontena ikianzishwa, na kila mara mtu akiingia kwa kontena na exec. Sasa fikiria: sekunde chache hizo runc ina mguu mmoja kwa hosti kama ruti na mguu mwingine ndani ya kontena ambayo pengine imeandikwa na mtu humjui. Kila bagi kubwa ya runc nimewahi soma inaishi kwa hizo sekunde. Ya Februari 2019 ilikua hivyo, CVE-2019-5736 (CVE ni namba rasmi ya bagi ya usalama), iligunduliwa na Adam Iwaniuk na Borys Popławski, hapo kontena ilikua inaishika runc yenyewe kupitia /proc/self/exe inaandika juu ya binari ya hosti, so mara nyingine runc ikiitwa inaitika na maneno ya mshambulizi. Yetu ni binamu yake.

Yetu ni CVE-2024-21626. Ilitangazwa tarehe 31 Januari 2024, aliyeipata ni Rory McNamara wa Snyk, wakaitangaza pamoja na zingine tatu za BuildKit (zana ya kujenga imeji, kile kifurushi kontena inaanzishwa nacho) wakaziita zote kwa pamoja Leaky Vessels. Alama yake ya hatari ni 8.6 kwa 10. Iligusa runc yote kuanzia 1.0.0-rc93 hadi 1.1.11, ikazibwa kwa 1.1.12.

Inafanya kazi aje? Nitatembea polepole hapa juu watu wengi wanaruka hii sehemu wanabaki na "eti kontena inatoroka" na hiyo haikusaidii siku ya shida.

Kwa Linux programu ikifungua faili au folda kaneli (kiini cha Linux) inaipa namba, 3, 4, 5 na kuendelea, na hiyo namba ndo mkono wake wa kushikilia hicho kitu. Ukitaka kuona mikono ya programu iko kwa /proc/self/fd. Runc ikiwa bado upande wa hosti inahitaji kupanga cgroup, so inafungua /sys/fs/cgroup ya hosti na inapewa namba, mara nyingi 7 au 8, inategemea nini kingine kimefunguliwa kabla. Hiyo namba ilikua inavuja hadi kwa hatua ya ndani, ile runc inaandaa kontena. Na mtu akiangalia haraka anaona hakuna noma, juu hiyo namba ilikua na alama ya kujifunga yenyewe mara programu ya mteja ikianza. Ni kweli ilikua inajifunga. Lakini kabla ya programu ya mteja kuanza kuna kitu kingine kidogo runc inafanya, inahamia kwa folda ya kazi, ile umeandika kwa WORKDIR ya Dockerfile (faili ya maelekezo ya kujenga imeji) ama workingDir ya podi. Sasa mtu akiandika WORKDIR yake ni /proc/self/fd/8, runc inatii, inahamia hapo, na hapo ni folda ya hosti. Namba inafungwa, sawa, lakini mtu ashahama. Ni kama fundi amemaliza ukuta wa ploti akatoa ngazi vizuri kabisa, na mtu alishapanda akakaa upande wa pili.

Na kutoka hapo si safari. /sys/fs/cgroup ukipanda ngazi tatu juu umefika kwa mzizi wa hosti. Ule mzizi mpya wa kontena haukuzuii, kwa sababu kaneli inakuzuia ukifika kwa mzizi wako, na wewe hupiti hapo kabisa, uko kwa mti mwingine. Ndani ya kontena unaonekana ruti, uid 0, na kama hakuna neimspesi ya watumiaji (ya kubadilisha namba za watumiaji ndani ya kontena) hiyo sifuri ni sifuri ile ile ya hosti. Ndo maana wanaita kupanda cheo: umeingia kama mwanafunzi wa kujaribu app ya hoteli, umetoka unaweza soma /etc/shadow na kuandika ufunguo wako wa SSH kwa folda ya ruti.

Sasa turudi Kisumu. Februari 2024 dada wa ops (ndo aliniita baadaye, tumejuana siku mingi) aliona habari, akafanya kila kitu sawa. Akapiga apt (kisakinishi cha paketi za Ubuntu), containerd.io ikapanda ikafika 1.6.28 ambayo inabeba runc 1.1.12, Docker nayo ikapanda, akaandika kwa daftari la mabadiliko, akapiga runc --version akapiga picha ya skrini akamtumia mdosi. Alifanya usiku, juu dockerd ikiwashwa upya bila live-restore makontena yote yanazima, na sacco moja ina watu wanaangalia balance saa nne usiku, sijui wanatafuta nini.

Julai anakuja yule kijana. Mtulivu, ile aina ya watu wanasoma maandishi ya release. Alikua na kubeconfig (faili ya kuingilia klasta) ya neimspesi yake moja tu, yaani kipande chake cha klasta, hana ruhusa ya kitu kingine. Akajenga imeji yenye WORKDIR ya hiyo njia, podi ikaamka, na kitu cha kwanza aliona ni shell ikilalamika kwamba haiwezi kujua iko kwa folda gani. Hiyo malalamiko ni alama muhimu sana, ishike: shell inauliza kaneli "niko wapi" na kaneli inashindwa kujibu kwa sababu hapo mahali hakuna njia ya kufika kutoka kwa mzizi wa kontena. Akasoma /etc/hostname kwa kupanda juu, ikarudi jina la seva ya ofisi. Akafuta podi. Akaenda kwa meza ya dada.

"Madam, samahani, kuna kitu nimeona na sijui kama nilifaa kukiona."

Dada akamwambia haiwezekani, akafungua ile picha yake ya Februari. 1.1.12, iko hapo, unaona? Kijana akasema naona madam, lakini wacha nikuonyeshe. Akarudia mbele yake. Jina la seva likatokea tena.

Hapo ndo nilipigiwa simu. Nilifika nikiwa na swali moja tu, na ukweli ni kwamba dada alikua ashalifikia kabla nitoke Kondele: hiyo runc umepima, ndo hiyo inaanzisha podi? Tukapiga find kwa diski nzima. Zikatokea mbili. Moja /usr/bin/runc, 1.1.12, safi. Ingine iko ndani kabisa ya /var/lib/rancher/k3s/data, 1.1.7, imekaa hapo tangu Julai 2023 ile k3s 1.27 iliwekwa, haijawahi guswa na mtu. Apt haijui kama iko. Haikuja na apt, ilikuja na curl, na k3s haijipandishi toleo yenyewe mpaka umeipangia. So picha ya skrini ilikua kweli kabisa, ilijibu tu swali lenye halikua limeulizwa. Docker ilikua inaita ya kwanza, k3s inaita ya pili.

Hapa niseme kitu juu nimeona watu wakijichanganya hadi upande wa pili. Namba peke yake pia inaweza kukutisha bure. Ukiwa na runc ya paketi za Ubuntu wenyewe, si ya Docker, Ubuntu huchukua marekebisho wakayarudisha kwa toleo la zamani, so unaweza kuona 1.1.7 na iko na patchi, ule mkia mrefu wa namba ya paketi ndo unakuambia. Yetu ya k3s haikua hivyo, hiyo ilikua 1.1.7 mbichi. Lakini ukikuta namba ndogo usianze kupiga nduru kabla hujajua ilitoka wapi.

Kitu kilimuuma dada sana ni kwamba klasta ilikua imefungwa vizuri. Neimspesi za vijana zilikua na Pod Security kiwango cha baseline: hakuna privileged (kontena yenye nguvu zote za hosti), hakuna hostPath (kupachika folda ya hosti), hakuna kushiriki mtandao wa hosti, hakuna neimspesi ya PID ya hosti. Ukipitisha zile skana za kukagua YAML (faili za kuombea podi) zote ni kijani. Shida ni kwamba hizo sera zinaangalia kile umeomba, na huyu kijana hakuomba kitu, aliandika tu folda ya kazi. Na hata hakuiandika kwa YAML, ilikua ndani ya imeji. Baseline inakubali podi iwe ruti. Ile kali zaidi, restricted, inalazimisha mtumiaji asiye ruti, na hiyo ingepunguza maumivu, juu angetoka nje akiwa mtu wa kawaida, anasoma vitu vya kusomwa na kila mtu basi. Si kinga kamili ila tofauti ni kubwa. Neimspesi ya watumiaji ingefanya kazi kama hiyo, na kwa mashine zenye SELinux (kinga ya ziada ya Linux) imewashwa ikiwa enforcing, kontena ingepata ukuta mwingine kwa sababu faili za hosti zina lebo tofauti. Ubuntu inatumia AppArmor badala ya hiyo, na ile profaili ya kawaida ya makontena haikuandikwa kuzuia kitu kama hiki.

Sasa swali lenye mdosi aliuliza, na lilikua swali zuri kuliko alivyojua: "hiyo si ni sehemu ya majaribio tu?"

Eeh, kwa jina. Lakini ni mashine moja. Ukishatoka kwa podi umetua kwa hosti ile ile yenye Docker ya wateja, na kwa /opt kulikua na faili za .env, paswadi za database za sacco, na ufunguo na siri za Daraja za kuitisha malipo ya M-Pesa. Halafu k3s yenyewe: /etc/rancher/k3s/k3s.yaml ndo ufunguo wa msimamizi wa klasta, inasomwa na ruti peke yake, na sasa wewe ni ruti. Nodi ikiwa moja, database ya klasta ni faili ya SQLite iko kwa diski hiyo hiyo, na Secret zote za Kubernetes ziko ndani bila kusimbwa kama hukuwasha hiyo kitu mwanzoni. Hawakuwasha. Wengi hawawashi. Mpaka kati ya majaribio na kazi ya kweli ulikua unashikiliwa na runc peke yake, hakuna mtu alikua amekaa chini akaamua hivyo, ilitokea tu dola ikipanda.

Kuziba kulichukua muda mfupi kuliko chai. Tukapandisha k3s kwa toleo lenye runc iliyorekebishwa, huduma ikawashwa upya, podi zikaendelea. Vile runc haikai kwa memori, ukibadilisha faili tu, kontena inayofuata inaanzishwa na mpya, huhitaji kuzima mashine. Kisha nikamwambia kijana arudishe ile imeji yake vile vile bila kubadilisha herufi. Podi ikakataa kuamka, na ujumbe kwa logi ukasema wazi kwamba folda ya kazi iko nje ya mzizi wa kontena na pengine mtu anajaribu kutoroka. Hiyo ndo napenda kwa marekebisho ya 1.1.12, hawakufunga tu ile namba yenye ilivuja, waliongeza pia kuuliza: baada ya kuhama folda, runc inauliza kaneli "niko wapi", na kaneli ikishindwa kujibu inasimamisha kila kitu. Ni ile alama ile ile shell ilikua inalalamikia, sasa runc ndo inailalamikia mapema. So hata kesho ikivuja namba ingine kwa njia ingine, hiyo hatua bado inakamata. Kujaribu shambulio lenyewe ndo kipimo pekee niliamini siku hiyo, namba za toleo zilikua zishatuchezea.

Kisha ikaja sehemu ngumu. Kijana alikua wa kwanza kusema. Alikua wa kwanza kufanya?

Kwa mwaka mzima watu kadhaa walikua wamepewa kubeconfig, wengine walishamaliza atachimenti wakaenda. Na tukumbuke kabla ya 31 Januari 2024 hata mwenye nia mbaya angehitaji kujigundulia mwenyewe, so dirisha lenye linaogopesha ni Februari hadi Julai. Mmoja pale ofisini akapendekeza tutafute maneno /proc/self/fd kwa Dockerfile zote za vijana. Tukatafuta, hakuna, akasema basi tuko safi. Hapana bwana. Dockerfile unaweza kuandika WORKDIR /app, kitu cha kawaida kabisa, na /app ndani ya imeji ni symlink (njia ya mkato) ya kwenda /proc/self/fd/8. Ama unaanza na FROM imeji ya mtu mwingine yenye tayari imeweka folda ya kazi, kwa faili yako hakuna neno lolote la kutilia shaka. Ilibidi kufungua imeji moja moja kwa rejista (ghala la imeji), kusoma folda ya kazi imeandikwa aje, kisha kuangalia hiyo folda kwa tabaka za imeji ni folda kweli au ni symlink. Tulipata safi zote zilizokua kwa rejista. Zilizofutwa, je? Hizo hazina mtu wa kuuliza.

Logi za ukaguzi za API hazikuwepo, k3s haiziwashi mpaka uziombe. Tukaangalia hosti: authorized_keys, cron, huduma za systemd, faili zenye setuid, tukapima paketi kwa dpkg --verify kuona kama binari imebadilishwa, logi za SSH. Hakuna kitu. Lakini mtu mwenye ruti anaweza kufuta nyayo, na logi zote zilikua zinakaa kwa mashine ile ile, hakuna nakala nje. Kwa hivyo jibu la ukweli kwa mdosi lilikua: hatujaona dalili, na hatuna njia ya kuapa. Yeye alitaka nusu ya kwanza iandikwe na nusu ya pili iachwe. Nikakataa, dada naye akakataa, tukazungushana hapo hadi jua likaanza kushuka upande wa ziwa.

Tulichokubaliana: kuchukulia kama kila siri iliyokua kwa hiyo diski imeonekana. Paswadi za database zote zibadilishwe, funguo za Daraja zitolewe upya, tokeni ya klasta, funguo za SSH, cheti, kila kitu. Ni kazi ya kuchosha, na ndo iligharimu pesa na usingizi, kupandisha toleo haikua kitu. Kuna mfumo mmoja wa kliniki paswadi ilikua imeandikwa ndani ya kodi yenyewe, ikabidi kujenga upya. Ukitaka kujua kampuni imejengwa aje, iambie ibadilishe siri zote kwa wiki moja.

Upande wa sheria nao ulikua na moto wake. Kwa Data Protection Act ya 2019, kifungu cha 43, mwenye data akigundua data imefikiwa na mtu asiyefaa na kuna hatari ya kweli ya madhara, ana masaa 72 ya kumjulisha Kamishna wa Data. Lakini hii kampuni si mwenye data, inachakata kwa niaba ya sacco, na mchakataji anafaa amjulishe mwenye data bila kukawia, ndani ya masaa 48 pale inawezekana. Saa inaanza ukijua. Sasa, mwanafunzi kusoma jina la seva ni uvujaji wa data ya watu? Wakili alisema hilo lenyewe hapana, jina la seva si data ya mwanachama. Lakini ile "hatuna njia ya kuapa" ndo ilimfanya aseme waambieni sacco, kwa maandishi, na wao waamue. Wakaambiwa. Meneja mmoja alisoma barua yote akapiga simu akauliza swali moja, "pesa iko?" Akaambiwa iko. Akasema haya.

Na kijana? Siku ya kwanza mdosi alikua anataka kumpeleka polisi, akataja ile sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 14, kuingia bila idhini, faini hadi milioni tano ama jela hadi miaka mitatu. Mimi maoni yangu sikuficha. Kijana alifaa kuuliza kabla ya kujaribu, hilo nilimwambia uso kwa uso, juu mashine yenye sacco za watu si mahali pa mazoezi, na laptop yake mwenyewe ingeweza kubeba k3s ya 2023 akajaribu hapo bila kugusa mtu. Lakini alisoma faili moja isiyo na siri, akafuta podi, akatembea hatua chache hadi kwa meza ya anayehusika siku hiyo hiyo. Ukimpeleka huyo polisi, wa kesho ataona na atanyamaza, ama atatafuta mnunuzi. Dada ndo alimaliza hiyo mambo kwa kusema kama kijana anaenda basi yeye pia anaandika barua. Logbuku yake ikasainiwa, na hiyo wiki supavaiza wa chuo alisoma "kushughulikia usalama wa mifumo" bila maelezo zaidi.

Baada ya hapo vijana walihamishiwa kwa mashine kuukuu kando, desktopu ya mtumba yenye haina siri ya mtu, na neimspesi zao ziko restricted. Na dada akaweka skripti ndogo kwa cron, haina ufundi, inatafuta kila faili yenye jina runc kwa mashine zote mbili, inaiuliza toleo lake, inaandika njia, toleo na ni nani anaiita.

Hiyo skripti ililipa Novemba 2025, runc ilipotangaza zingine tatu kwa mpigo, CVE-2025-31133, 52565 na 52881, zinazohusu vile inafunika njia za /proc na kuweka mounti, zikazibwa kwa 1.2.8 na 1.3.3. Safari hii hakuna mtu alibishana. Dada alifungua orodha, akapandisha ya Docker, akapandisha za k3s, saa sita mchana alikua amemaliza. Ila orodha ilikua na mstari mwingine tena, runc ya zamani ndani ya imeji ya Docker-ndani-ya-Docker yenye rana (programu ya kazi za otomatiki) ya kujenga imeji inatumia. Akaniuliza kama hiyo nayo ni haraka. Nikaangalia vile inaanzishwa: privileged. Nikamwambia hiyo runc unaweza kuiacha hadi kesho, mwenye ako ndani ya kontena ya privileged hahitaji bagi ya mtu ndo afike kwa hosti. Akanyamaza kidogo kwa simu, kisha akauliza nani aliweka hiyo kitu hapo, na nikasikia anafungua daftari la mabadiliko.